Kichumba cha Vitanda Viwili

Moraa, uliniuliza kwa simu namna ya kutoa harufu ya mkojo kwenye godoro. Nikakuambia jivu na jua, ukasema asante, salio likaisha. Jivu liwe kavu. Unalinyunyiza jioni, asubuhi unakung'uta, halafu jua pande zote mbili. Klorini usiguse. Klorini haitoi harufu, inaongeza yake, na ndiyo iliyonitoa kazini kabla ya wakati wangu. Hayo ya klorini ni marefu, hayaingii kwa simu. Kwa hivyo nimechukua daftari la mjukuu wangu, lile la mistari mipana, nikakaa hapa nje na kalamu. Kiswahili changu ni cha darasa la tano na cha sokoni. Ukiona kosa, sahihisha kimoyomoyo uendelee.

Miaka ishirini na mitatu nilifagia hayo mabweni unayofagia wewe sasa. Habari za kupandishwa cheo sina. Ukishapewa ufagio, cheo kinachofuata ni mopa. Mshahara pia sitausema, unaupokea wewe sasa, unajua unavyopita haraka.

Siku ya kwanza niliingia pamoja na ukungu. Unaujua ukungu wa huku kwetu Nyamache. Unapanda kutoka kwa majani chai, unaingia dirishani bila hodi, unakaa juu ya vitanda kama wageni waliochoka. Nilisimama mlangoni nikaona vitanda vinaelea, safu kwa safu, havina miguu. Nikawaza, hii si kazi, hii ni ndoto ya mtu mwingine nimeingia kwa makosa. Kisha sauti ikatoka humo ndani: "Wewe ndiye Bosibori? Vua hivyo viatu vya kanisa. Hapa tunadeki."

Huyo alikuwa Mama Teresia, Mungu ampumzishe. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa kama ya mkata mawe. Yeye ndiye alinifunza kugeuza godoro peke yangu bila kuumia mgongo, unalisimamisha kwanza kwa ubavu, unaliacha lianguke lenyewe. Alinifunza kuweka maua makavu ya pareto chini ya godoro, kunguni wanahama wenyewe wanaenda bweni la jirani, na bweni la jirani si lako. Alinifunza kwamba mtoto akilia ndani ya blanketi usimfunue. Fagia karibu na kitanda chake. Fagia palepale, hata kama pamekuwa safi. Atasema mwenyewe.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyetembea usingizini. Anaamka macho wazi, anatoka, wanamkuta kwenye ua wa miti ya miiba akiongea na mtu ambaye hayupo. Walimu walitaka arudishwe nyumbani. Mama Teresia aliweka beseni la maji baridi mbele ya kitanda chake, basi. Mguu ukigusa maji, mtoto anaamka, anacheka, anarudi. Muhula mzima. Sikuona daktari aliyefanya vizuri kuliko hapo.

Na kuna neno moja alilolisema nikiwa bado mgeni, tukipanga vitanda vya kidato cha kwanza. "Bosibori, kitanda ni boma la mtu. Kabla hujampangia mtu boma, muulize yeye na jirani yake ni nani kwa nani." Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kuongea. Nilitikisa kichwa kama ninyi mnavyonitikisia mimi.

Kisha ukaja mwaka wa korona.

Wanafunzi waliondoka kwa siku moja. Baada yao barabara ikanyamaza. Sikujua kama barabara ina sauti mpaka ilipokosa. Pikipiki za kwenda Ogembo hazikupita, siku ya soko ilifika ikapita kama mtoto aliyekosa jina. Ng'ambo ya bonde niliona wachuma chai wamesimama mbali mbali, kila mtu na kichaka chake, hawapigi kelele, hawaimbi. Vikapu vinajaa polepole. Ulikuwa ukiangalia, unaanza kusinzia umesimama.

Halafu shule yetu ikafanywa mahali pa kuwaweka watu waliotoka Nairobi wakati njia zimefungwa. Wakikamatwa kwenye vizuizi vya barabarani wanaletwa, siku kumi na nne, ndipo waende kwao. Mimi niliitwa kupanga vitanda tu. Nilikuja asubuhi na leso moja na ndala. Saa sita mchana lango likapigwa mnyororo. Nikamwendea askari.

"Afande, mimi nimemaliza. Naenda kupika."

"Walio ndani ni wa ndani."

"Na mimi?"

"Wewe uko wapi, mama?"

"Ndani."

"Sasa si umejijibu?"

Nililala kwenye chumba cha kufulia wiki saba. Binti yangu alikuwa akiniletea nguo, anaziweka kwenye jiwe nje ya lango, anarudi nyuma, ndipo askari ananiletea. Kama watu wanavyoweka chakula cha mizimu.

Nataja majina, Moraa. Watu wengine wanasema "serikali ilifanya", kama serikali ni mvua. Mvua haina mkono. Aliyesimamia pale alikuwa Bwana Areri, ofisa wa afya, viatu vimechongoka, kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Pamoja naye alikuwa Madam Gesare, naibu wa mwalimu mkuu wa wakati ule, aliyebaki na funguo zote za shule. Hao wawili. Wa tatu nitamtaja mahali pake.

Bwana Areri alitupa sheria mbili. Ya kwanza: familia moja, chumba kimoja, wakiambukizana waambukizane wenyewe. Ya pili: mtu akihama chumba, kile alichotoka na kile alichoingia vyote vinaanza kuhesabu siku kumi na nne upya. Aliniachia fomu na kalamu moja kati ya zile tatu, akasema, "Wewe mama unajua mabweni. Panga."

Nikapanga. Nilijiona mkubwa sana.

Wiki ya pili lori lilifika, lile la kupeleka ndizi Nairobi, linarudi tupu. Mbele, karibu na dereva, alikuwa msichana wa kama miaka ishirini na mbili. Nyuma, kati ya makreti, alikuwa mzee amefungwa jicho moja na bandeji. Alikuwa amepelekwa kwa mtoto wake Nairobi kupasuliwa jicho, njia zikafungwa kabla hajarudi. Huyo mtoto hakupata ruhusa kazini ya kumsindikiza. Msichana alikuwa amemshikia mkoba na karatasi za dawa. Nikaangalia kitambulisho cha mzee: Mokaya. Nikaangalia cha msichana: Kerubo Mokaya. Nikasema moyoni, tazama baba mzuri, amempa binti kiti cha mbele akakaa yeye kwenye makreti na jicho lile. Nikawaandikia kile kichumba cha mwisho wa korido, cha viranja, chenye vitanda viwili. Nilidhani nimewafanyia mema. Kilikuwa na dirisha.

Niliwapeleka mwenyewe. Mzee Mokaya alifika mlangoni, akaona vile vitanda viwili, kati yao hatua moja na nusu. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Kerubo alisimama korido, kichwa chini, mkoba ameukumbatia.

"Mama," mzee akaniambia polepole kwa Kikisii, kama mtu anayemwamsha mtoto, "huyu ni mke wa mtoto wangu."

Wewe Moraa umekulia mjini, nikuandikie usije ukasema hukuambiwa. Kwetu hiyo inaitwa chinsoni, aibu ya heshima. Mwanamume haingii nyumba ya mtoto wake aliyeoa. Haoni kitanda cha mkamwana wake, na mkamwana haoni chake. Wanasalimiana, wanakula mezani kwenye sherehe, lakini mahali pa kulala, hapana. Si sheria ya kwenda kortini. Ni kitu kiko kwenye mwili. Afadhali mzee atembee uchi sokoni. Na mimi, mtoto wa watu wa huku, mke wa watu wa huku, niliyefunzwa na Mama Teresia kuuliza kwanza, niliwafungia pamoja kwa kuangalia kitambulisho.

Nilikimbia kwa Bwana Areri. Alikuwa anakula ndizi chini ya kivuli cha ofisi.

"Bwana, nimekosea. Wale wa chumba cha mwisho ni mkwe na mkamwana."

"Ni familia?"

"Ni familia, lakini..."

"Basi hujakosea. Fomu imeenda."

"Hawawezi kulala pale."

"Mama Bosibori, korona haijui mkwe." Akakunja ganda la ndizi. "Ukitaka, wahamishe. Halafu uende uwaambie wa hicho chumba kingine wanaanza upya. Wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Nilienda. Chumba cha jirani alikuwa Hassan, muuza mitumba wa mjini Kisii, mcheshi, peke yake. Alinisikiliza kwenye kizingiti na barakoa yake ya kitenge.

"Mama, wallahi ningempa mzee hata shati hili. Lakini mke wangu anajifungua wiki ijayo, nimebakiza siku sita. Unataka mtoto azaliwe aulize baba yuko wapi, aambiwe anahesabu upya?" Akacheka, halafu hakucheka. "Mwambie mzee anisamehe."

Sikumlaumu. Mpaka leo simlaumu. Nilienda kwa Madam Gesare nikaomba ufunguo wa chumba cha cherehani, kilikuwa tupu, kina vumbi tu.

"Kuna mashine za shule mle," akasema.

"Madam, mzee ana jicho moja. Ataiba cherehani?"

"Bosibori, usinifanye nichague kati ya mila na kazi yangu." Funguo zililia kiunoni mwake akaondoka.

Kwa hivyo mzee hakulala.

Kerubo alitundika shuka katikati ya kichumba. Mzee akasema shuka si ukuta. Kitandani kwake hakukaa hata mara moja. Alisimama korido, bega kwenye ukuta, kama ng'ombe anavyopumzika amesimama. Akichoka anatembea mpaka mwisho wa korido na kurudi. Kerubo naye alikaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa viatu, leso imefungwa hadi shingoni, kwa sababu mlango ule haukuwa na komeo na aliogopa kulala fofofo mzee apite amwone amefunguka mdomo. Waliongea kupitia mimi. Waliacha hata kusalimiana ana kwa ana.

"Mwambie huyo mama ale," mzee anasema, na Kerubo yuko hatua tatu.

"Mwambie Tata dawa ya jicho ni saa nne," Kerubo anasema, anaangalia sakafu. Tata ndiyo baba kwa Kikisii.

Mimi ndiye niliyemtia ile dawa. Matone mawili, kichwa nyuma, unavuta kope ya chini kidogo, usiguse jicho na chupa. Siku yao ya tatu mle, nikimtia, mzee alianza kuniambia njia ya kwao. Nyacheki si mbali na pale, ungeweza kufika kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amefumba lile jicho zima na anatembea.

"Sasa nimepita kituo cha chai," akasema. "Wameshapima, mizani imefunikwa. Nashuka. Kuna utelezi hapa, shika."

Nikashika mkono wake.

"Sasa naona mapaa. Kuna moshi kwa mama watoto. Ng'ombe amesikia miguu yangu."

Kila siku baada ya dawa alikuwa anatembea hivyo, na kila siku alifika mbali kidogo. Siku ya tano aliniomba nisogee, ndama apite. Nikasogea. Moraa, nakuambia ukweli, niliangalia chini kama kuna ndama. Tulikuwa sote tumeanza kuelea. Hakuna aliyejua ni Jumatatu au Jumapili. Ukungu ulikuwa unaingia asubuhi na wengine walikuwa hawauoni unapotoka. Mwanamke mmoja kwenye bweni kubwa alikuwa anasuka nywele zake, anafumua, anasuka. Hassan alikuwa anauza mitumba hewani, anapiga mnada korido nzima, "Shati la daktari! Limevaliwa mara moja tu, na mgonjwa alipona!" Tulikuwa tunacheka, halafu tunamsikia anaendelea ingawa hakuna tena anayecheka. Mimi nilifua blanketi. Nilifua safi nikaanika, zikikauka nikazirudisha majini. Watu wa afya walikuja na bunduki yao ya kupima joto la kipaji cha uso, wakaandika kwamba wote tuko sawa.

Siku ya saba Hassan alikwenda. Alimwachia mzee lile shati lake, kweli. Kile chumba chake Areri alikijaza watu wengine jioni ileile, hata sikumaliza kukideki.

Siku ya nane mzee alikwenda nyumbani. Ilikuwa mchana, jua limetoka. Nilikuwa naanika. Nilimwona anapita kwenye kiwanja cha netiboli, anatembea vizuri, hasiti, mkono mmoja mbele kama anafungua lango. Alikuwa anaelekea kwenye ua. Askari alimwona pia.

"We mzee! Rudi!"

Mzee alinyoosha mkono akamsalimia kwa Kikisii, akamuuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa.

Askari alikuwa ametoa rungu. Nilikimbia na ndala moja, nyingine ilibaki kwenye nyasi, nikamshika mzee koti kwa nyuma. Nikamwambia, "Tata, tumefika mapema, hebu turudi kidogo." Akakubali kama mtoto. Mwili wake ulikuwa mwepesi, unatetemeka wote, kama waya wa nguo upepo ukipita.

Askari akaniambia, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepewa amri: "Mama, kesho akifika hapa mimi siulizi. Nimeambiwa nisiulize."

Kerubo alikuwa amesimama dirishani. Aliona yote.

Kesho yake asubuhi nilipomletea uji, aliniuliza bila kuinua macho, "Mama, wanaokohoa wanapelekwa wapi?"

"Hospitali. Wodi ya kutengwa."

"Wanarudi?"

"Wengine."

Akanywa uji kidogo. "Mkamwana akienda, Tata atalala?"

Nikamwongezea uji.

"Mama. Atalala?"

"Atalala," nikasema.

"Watu wa kupima wanakuja saa ngapi leo?"

"Saa tisa."

"Basi saa tisa kasoro uniletee chai. Kikombe cha bati. Iwe inachemka, usitie maziwa."

Nilijua. Usije ukafikiri sikujua. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kukataa. Nilifua blanketi mbili, nikazisahau majini. Nilifikiria kwamba msichana ana mwaka mmoja tu tangu aolewe, hana mtoto bado. Nilifikiria rungu. Saa tisa kasoro nilichemsha chai nikaipeleka nimeishika kwa leso, nikapita mbele ya mzee koridoni, bati lilikuwa linaunguza. Aliweka kile kikombe kwenye kipaji chake akafumba macho. Ngozi ya paji la uso ikawa nyekundu. Hakulia hata kidogo. Nje korido tulisikia viatu, akanirudishia kikombe, nikakificha chini ya ndoo. Akaanza kukohoa.

Wanaume wawili wa mavazi meupe walimpima. Ile bunduki ikalia. Akakohoa tena, vibaya, kikohozi cha mtu ambaye hajawahi kukohoa sana maishani, na mimi nilikuwa nimesimama pale na mopa, na mwenye masikio yoyote angesikia ni uongo. Waliniangalia.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu asubuhi," nikasema.

Walimpitisha karibu na mzee kwenye korido. Kerubo alisimama hatua chache kabla hajafika, akageuza uso ukutani ili apite kwa heshima. Wale wa mavazi meupe walidhani anaogopa, wakamsukuma.

Bwana Areri alitokea mlangoni, mbali, akaniambia nideki kichumba kwa klorini yote iliyokuwamo ndooni, mlango na dirisha vifungwe, nusu saa.

"Barakoa, Bwana?"

"Zimeisha. Za ofisi ndizo zimebaki."

Niliingia nikadeki. Macho yangu yalikuwa yanatoka maji, kifua kikajikunja kama karatasi. Ndani ya ule moshi mweupe niliona kitanda cha Kerubo, shuka halina hata kunjo moja. Hicho ndicho kifua nilichostaafu nacho. Daktari aliandika maneno marefu, mimi nayaita Areri.

Mlango ulipofunguliwa, harufu bado inauma, mzee aliingia. Aliangalia kile kitanda kingine kilichovuliwa godoro. Akaketi kwenye chake. Akavua viatu, akavipanga. Alilala pale, Moraa, kuanzia jioni ile mpaka kesho yake alasiri, hakugeuka. Nilikuwa naenda kila saa naweka mkono mbele ya pua yake. Sijawahi kuona usingizi kama ule. Ulijaza korido. Ulikuwa unapita karibu na mlango unahisi miguu yako inakuwa mizito, na wale wanawake wa bweni kubwa wakaanza kupita kwa vidole bila mtu kuwaambia.

Alipoamka aliniuliza kwa sauti yake ya kawaida, "Huyo mama wamempeleka wapi?"

"Wamempeleka hospitali, Tata. Alikohoa."

"Anakohoa tangu lini?"

"Tangu jana saa tisa."

Alikaa. Jicho zima likaniangalia, kisha likaangalia kile kikombe cha bati nilichokuwa nimekuja nacho na maji. Akafunika lile jicho kwa kiganja. Alibaki hivyo, gizani kwake, muda mrefu. Areri alimwanzishia siku upya, kumi na nne, na mzee akazimaliza, akilala kila siku vizuri, na kila asubuhi nilipoleta uji nilimkuta ameona haya kwamba amelala.

Kerubo alikaa wodini siku kumi na tisa akisubiri majibu. Majibu yalisema hana kitu. Hakuwahi kuwa na kitu. Lakini alikuwa amelazwa katikati ya wenye nacho, taa haizimwi, na mama wa kitanda cha kulia alikuwa anaongea naye mchana mmoja habari za kupanda mtama, Kerubo akasinzia kidogo, alipofungua macho yule mama alikuwa anafungwa kwa plastiki. Hakulala tena mle. Akawa anaamini kwamba akilala, mtu anaenda.

Njia zilipofunguliwa, Areri alihamia ofisi kubwa kaunti nyingine. Madam Gesare ni mwalimu mkuu sasa, mahali fulani upande wa Nyamira. Siku naondoka alinitumia leso mpya, nimeifanya ya kudekia. Na yule wa tatu ni mimi, Bosibori, niliyepanga vitanda bila kuuliza na kuchemsha chai. Hao wawili walifanya kwa sheria. Mimi nilifanya kwa mikono.

Niliogopa kwenda Nyacheki miezi mingi. Nilipokwenda, ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Kabla sijaona nyumba nilisikia shoka. Pigo, kimya, pigo. Polepole, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hana haraka nacho. Mzee Mokaya alikuwa kwenye migomba, mbali na nyumba ya mtoto wake umbali ambao heshima inaruhusu. Kuni zilikuwa zimepangwa hadi kifuani, rundo baada ya rundo, nyingine zimeota uyoga. Kuni za kupikia harusi tatu.

"Tata, unauza?"

"Siuzi." Hakusimama. "Huyo mama anaogopa kufunga macho. Mtoto wangu siku hizi anafanya kazi hapa karibu, usiku amerudi, anakaa macho naye. Mchana yuko peke yake, na mimi siwezi kuingia mle. Lakini akisikia shoka anajua kuna mtu hajaenda. Wakati mwingine analala." Pigo. "Nikinyamaza, anaamka."

"Na jicho?"

"Kuni ni kubwa. Naziona." Akafuta jasho. "Wewe ni mwanamke, unaweza kuingia. Ingia uangalie. Sijui kama nakata bure."

Niliingia bila viatu. Pazia lilikuwa limeshushwa, ndani kulikuwa na mwanga wa kijani wa migomba, unacheza ukutani kama maji. Kerubo alikuwa amelala chali, viatu viko sakafuni, mdomo wazi kidogo. Kwenye kipaji palikuwa na alama ndogo ya mviringo, imebaki. Nilikaa chini kwenye mkeka kwa muda. Nje shoka liliendelea, na kila likipiga, pumzi yake ilikuwa inashuka.

Nikatoka.

"Amelala, Tata. Usingizi kabisa."

Mpini ulikuwa umelowa jasho lake. Nilinyoosha mkono, akanipa shoka kati ya pigo na pigo, haraka, ili kimya kisiwe kirefu. Akaenda kunywa maji. Mimi nina kifua kibaya na sijui kupasua kuni, zilikuwa zinaruka ovyo. Nikapiga hivyo hivyo, polepole, mpaka kivuli cha ile nyumba kikafika miguuni mwangu.